Mwacheni Simba Akae Kwenye Ashu

Waliosema kuwa pesa ni sabuni ya roho hawakutuambia sabuni yenyewe ina chapa ya nani. Hilo ndilo swali lililotugawa sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili katika mjadala wa muhula uliopita. Hoja ilikuwa kwamba sura za mashujaa wetu zirudishwe kwenye pesa za Kenya. Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi, na makofi yakavuma hadi mwalimu wa zamu akaja kuchungulia kuna nini. Mimi nilikuwa miongoni mwa wapinzani. Tulipewa dakika nne kila mmoja, na mambo haya yalianza kabla ya Kristo kuzaliwa, kwa hivyo kengele ilinikuta ningali Ugiriki. Ndiposa nimemwomba Mhariri kurasa hizi nimalizie safari.

Kwanza tuelewane. Shika ashu mpya, ile iliyozinduliwa Desemba 2018. Upande mmoja ina nembo ya taifa, upande wa pili simba. Shilingi moja ina twiga, kobole ina kifaru na mbao ina ndovu. Noti zilizozinduliwa tarehe 1 Juni 2019 zote zina jumba la KICC. Mambo haya hayakutokea kwa kuwa mchoraji fulani alipenda wanyama na majumba. Katiba tuliyoipata tarehe 27 Agosti 2010, katika kifungu cha 231, inasema pesa zetu zinaweza kuwa na picha za kuashiria Kenya lakini zisiwe na sura ya mtu yeyote. Yeyote, wapenzi wasomaji. Awe rais, awe shujaa, awe hai au marehemu. Mwenzangu mmoja alidai kwamba tangu hapo pesa zetu zinafanana na tikiti za kuingilia mbugani. Tulicheka sote, hata mimi, lakini kicheko si hoja.

Kwani sura kwenye pesa ina ubaya gani? Turudi Ugiriki nilikokatizwa.

Tulipofundishwa miji ya kale katika Historia tulitajiwa Athens na Kilwa. Athens, karne ya 5 kabla ya Kristo, haikuwa na mfalme. Wananchi wake (wanaume huru tu, wanawake na watumwa hawakuhesabiwa) walikutana na kupiga kura. Sarafu yao ya fedha ilikuwa na mungu wao wa kike Athena upande mmoja, na upande wa pili bundi. Ndiyo, bundi! Kwetu bundi akilia juu ya bati jirani wanaanza kuulizana ni nani mgonjwa. Kwao alikuwa ishara ya hekima. Ng'ambo ya bahari, Mfalme wa Uajemi alikuwa akitoa sarafu za dhahabu zenye picha ya mfalme mwenye upinde mkononi. Mji usio na mfalme uliweka ndege. Nchi yenye mfalme ilimweka mfalme, tena na silaha yake. Sisemi bundi alikuwa malaika. Athens ilipopata nguvu ilizishurutisha nchi ndogo zilizokuwa chini yake kutumia pesa, mizani na vipimo vyake. Mnyama pia anaweza kutumwa kuonea watu. Lakini bundi hawezi kuamka asubuhi moja akadai pesa ni zake.

Binadamu anaweza, na mfano ni Ptolemy. Alexander Mkuu alipofariki mwaka 323 kabla ya Kristo, majemadari wake waligawana milki yake, na Ptolemy akatwaa Misri. Hakujiweka kwenye sarafu mara moja. Angefanya hivyo watu wangeuliza, wewe ni nani? Akaanza kwa kumweka marehemu. Alitoa sarafu zenye sura ya Alexander amevaa ngozi ya kichwa cha ndovu, mkonga umeinuka juu ya paji la uso. Nani angekataa? Alexander alikuwa shujaa wa wote. Miaka ikapita, watu wakazoea kuona uso wa mtu kwenye pesa. Kufikia mwaka 305 hivi Ptolemy alijiita mfalme, na sarafu zikaanza kutoka na sura yake mwenyewe, kidevu kimechongoka na macho makubwa yanatazama mbali. Huyo ndiye niliyetaka kuwaeleza kengele ilipolia. Shujaa aliyekufa ndiye hufungua mlango, na aliye hai huingia nyuma yake.

Mtu ataniambia hayo ni ya Wagiriki, sisi yanatuhusu nini. Basi twende Aksum, hapa Ethiopia. Wafalme wa Aksum walikuwa wakitoa sarafu zao wenyewe za dhahabu tangu karne ya 3 baada ya Kristo, na maandishi ya sarafu hizo yalikuwa ya Kigiriki, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu walikisoma. Mfalme Ezana wa karne ya 4 alipoingia Ukristo, sarafu zake zilibadilika. Mwezi na duara vilivyokuwa juu ya kichwa cha mfalme vikaondoka, msalaba ukaingia. Dini ya mfalme ikawa imehubiriwa kwa kila muuzaji wa ngano bila mhubiri kufungua mdomo. Kitu kimoja cha Aksum kilinifurahisha mno: baadhi ya sarafu ndogo za shaba, zile za mwananchi wa kawaida, ziliandikwa maneno ya kutaka jambo hilo liipendeze nchi. Hebu fikiri, mfalme anawabembeleza watu kwenye senti.

Kilwa nayo ilikuwa na mtindo wake. Sarafu za shaba za Sultani Ali bin al-Hasan hazina uso wa mtu. Zina maandishi ya Kiarabu, upande mmoja ukimtaja sultani na upande wa pili ukimsifu Mungu anayemtegemea, na maneno ya pande zote mbili yana vina. Sarafu yenye vina, jamani! Sisi wa Chama cha Kiswahili tungeomba kulipwa kwa pesa kama hizo. Vipande vitano vya Kilwa viliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na jinsi vilivyofika huko wataalamu wanabishana mpaka leo. Ila msidanganywe na vina. Jina la sultani lilikuwapo. Mamlaka haikuhitaji pua na masikio.

Sasa tuje nyumbani, Kibera. Wazee wa Makina hutueleza kuwa jina la mtaa huu linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi walioletwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa askari wa jeshi lililoitwa la Mfalme, tena wa Uingereza, si wa kwao. Pesa za nchi hii wakati huo zilikuwa rupia kutoka India, na kwenye rupia palikuwa na kichwa cha huyohuyo mfalme. Askari alipolipwa mshahara alipewa uso wa bwana wake. Na asiyekuwa askari naye alilazimika kuutafuta uso huo, kwa sababu serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba. Serikali ilitaka kodi kwa pesa zake, na pesa hazikuota shambani. Njia ya wengi kuzipata ilikuwa kumfanyia kazi Mzungu. Ukitaka kujua nguvu ya sarafu, ni hiyo. Kichwa kile kidogo kilimtoa mtu nyumbani kwake akatembea siku tatu kwenda kupalilia kahawa ya mtu mwingine.

Je, Wanubi walipata nini kwa uaminifu wao? Sura ya mfalme waliipata kila walipolipwa. Hati ya ardhi ya Kibera iliwafikia mwaka 2017, ekari 288, baada ya takriban miaka 100 ya kuitwa wageni kwenye ardhi waliyokabidhiwa. Najua si wote wanaosoma hapa ni Wanubi, na habari ya ardhi ya Kibera ni ndefu na ina uchungu kwa kila mmoja wetu anayekaa kwenye chumba cha kukodi. Nataja tu kwamba uso kwenye pesa haukuwa ahadi ya chochote.

Rupia iliondoka, florini ikapita kama upepo mwaka 1920, na shilingi ikaja 1921, nayo ikiwa na kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja na simba upande wa pili. Kwa hivyo anayesema simba ni mgeni kwenye pesa zetu akae chini. Simba alikuwapo miaka yote, ila alikuwa amebeba mfalme mgongoni. Halafu kuna kisa cha Edward wa Nane, ambaye alitawala mwaka 1936 kwa muda usiofika mwaka mmoja, akaacha kiti. Waingereza wenyewe hawakupata kutumia hata senti yake moja madukani. Sisi tulizipata! Senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zile zenye tundu katikati, zilitoka na jina lake. Mfalme ambaye kwao hakudumu, jina lake lilifungwa kwenye kitambaa na wanawake wa hapa wakenda nalo sokoni.

Nyanya yangu ana kopo la Kimbo lenye sarafu kuukuu. Humo mna senti za tundu, sumuni za Mzee Jomo Kenyatta na shilingi za Rais Moi. Nilizipanga sakafuni kwa mwaka nikaona jambo. Sarafu zetu za kwanza, za 1966, zina sura ya Mzee bila maneno yoyote pembeni. Tangu 1969 maneno yakaongezwa kuizunguka sura kueleza kwamba huyu ndiye rais wa kwanza wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, kana kwamba kuna mtu alikuwa hamjui. Mzee alifariki Agosti 1978. Kufikia 1980 sura ya Moi ilikuwa imeshaingia, na jina lake lote matatu likizunguka ukingoni. Akakaa hapo hadi alipoondoka madarakani 2002. Nyanya husema siku hizo picha yake ilining'inia pia katika kila duka. Ukifungua duka unatazamwa, ukifungua mkoba unatazamwa.

Alipoingia Rais Kibaki noti zilirudi kwa marehemu, Mzee Kenyatta. Wengi waliona vizuri, kiongozi hana makuu. Lakini mwaka huohuo wa 2003, Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, ikatoka sarafu ya shilingi 40, na sura iliyokuwa juu yake ilikuwa ya Kibaki. Nani anamkumbuka Ptolemy? Marehemu kwanza, kisha aliye hai. Sisemi Kibaki alikuwa mfalme. Nasema barabara ni ileile na imekanyagwa miaka 2,300. Majirani zetu wa Uganda nao walishuhudia noti za Idi Amin zenye uso wake tangu 1973, na alipopinduliwa 1979 ilibidi nchi ichapishe upya.

Hata noti zetu mpya si safi kabisa. Tazama vizuri mbele ya KICC, utaona sanamu ya Mzee ameketi. Watu walikwenda mahakamani mwaka 2019 wakisema hiyo ni sura ya mtu iliyopita mlango wa nyuma, na noti hazikuondolewa. Kwa maoni yangu walikuwa na haki ya kuuliza.

Sasa nijibu hoja zilizotushinda siku ile. Waliounga mkono walisema tusipowaweka mashujaa kwenye pesa tutawasahau. Wakamtaja Mekatilili wa Menza na Dedan Kimathi. Jamani, Mekatilili aliwaongoza Wagiriama mwaka 1913 kukataa kodi na kukataa vijana wao kuchukuliwa kufanya kazi za Mzungu. Alikuwa anakataa kulekule kufukuzwa na kichwa cha mfalme. Leo mnataka kumpiga chapa kwenye sarafu, apite mikononi mwa makanga na kuangushwa mtaroni Laini Saba? Kimathi ana barabara mjini yenye jina lake, na sanamu yake imesimama hapo tangu 2007. Anayetaka kumjua ataenda, atasimama, atasoma. Na niwaulize, Mzee Kenyatta bado yuko kwenye sarafu za zamani ambazo zinapita hadi leo. Ni nani kati yetu amewahi kujifunza jambo lolote juu yake kwa kununua mandazi?

Halafu hesabu. Tuna sarafu nne na noti tano. Nafasi ni tisa na makabila ni zaidi ya 40. Mnakumbuka kilichotokea mwenyekiti wa mjadala alipouliza kwa mzaha, basi nani akae kwenye elfu moja? Kila mtu alisimama. Kuna aliyesema wao wakinyimwa elfu basi angalau soo tano. Hakuna hata mmoja aliyetaka shujaa wao awe kobole. Tulikuwa watu 60 darasani, marafiki, tunaogawana vitabu, na dakika mbili tu tulikuwa tunahesabiana. Wazazi wetu waliokuwa hapa Kibera baada ya uchaguzi wa 2007 wanajua kuhesabiana kunafika wapi. Twiga hana kabila. Nilisema hivyo nikazomewa, narudia tena, twiga hana kabila.

Lakini sababu yangu kubwa haiko kwenye pesa mfukoni, iko njiani ninapopita kwenda shule. Kuna tangi la maji karibu na kwetu. Lilijengwa kwa pesa za umma, na hilo limeandikwa kwenye ubao kwa herufi ambazo lazima uinamie. Juu ya tangi lenyewe palichorwa uso wa mheshimiwa, mkubwa kuliko mlango wetu, anatabasamu. Aliposhindwa kwenye uchaguzi, walikuja mafundi na rangi. Nikadhani wanafuta. Wakafuta kweli, wakachora mwingine. Mferji ni uleule, na siku njema mtungi ni kobole, siku maji yakipotea ni mbao. Akina mama kwenye foleni huyaita maji ya mheshimiwa. Mama yangu pia huyaita hivyo, na mama yangu hulipa ushuru.

Ni hivyohivyo na basari. Baadhi yetu, nami nikiwemo, sehemu ya karo yetu inatoka kwenye hazina ya umma. Siku ya kupewa tulipangwa mstari uwanjani kushika hundi ya kadibodi iliyo ndefu kuliko sisi, na kwenye kona ya hundi palikuwa na picha ya aliyetupa. Msichana mmoja alichaguliwa kutoa shukrani kwa niaba yetu. Alimshukuru kwa ukarimu wake. Nilisimama pale nikishikilia upande wangu wa kadibodi na nikawaza juu ya ile rupia. Kodi ya baba zetu imekwenda, imezunguka, imerudi ikiwa na uso wa mtu, na sisi ndio tunaopiga magoti.

Kwa hiyo wenzangu wanaponiambia kuwa sura kwenye pesa ni pambo tu, siwezi kukubali. Katiba imemwondoa mtu kwenye ashu, akahamia kwenye tangi, kwenye hundi, kwenye basi la shule, kwenye gunia la unga wakati wa kura. Hajakata tamaa. Tukimfungulia tena mlango wa pesa kwa jina la mashujaa, sijui tutamwambia nini kuhusu tangi. Afadhali tungepiga mjadala wa kinyume, kwamba sheria hii ya pesa ipanuliwe, na chochote kilichojengwa kwa fedha za umma kiwe na nembo ya taifa na kiasi kilichotumika, basi. Wachoraji wa mtaani hawatakosa kazi. Tangi ni kubwa, ndovu mzima anaenea.

Katibu ameniambia hoja ya mashujaa huenda ikarudi muhula wa tatu kwa sababu walioshinda wanataka kuandikia gazeti moja kubwa. Mimi nitakaa upande uleule. Naomba tu safari hii tupewe dakika sita, na anayekuja na shujaa wake aje pia na jibu juu ya Ptolemy.